Nguzo ya Saba, Mtungi na Kibao: Hapana

Jioni moja ya mwezi wa saba, katika ile baridi ya Mbeya inayokulaza na soksi, nilipita Iyunga kumpelekea mpwa wangu debe la viazi. Nikakuta vijana watatu wamejifunika mashuka ya Kimasai, wameizunguka laptop moja iliyowekwa juu ya kreti la soda, wanacheza gemu. "Shikamoo mjomba," wakasema kwa pamoja bila kuinua macho. Kwa mtu wa umri wangu, salamu ya namna hiyo ni kesi. Kabla sijaifungua kesi yenyewe, mmoja akaniomba samahani nisogee kidogo, nimekanyaga kalamu. Hapo ndipo nikaliona kaunta buku.

Lilikuwa kaunta buku la jalada gumu, limechorwa mistari kwa rula. Kushoto namba za nguzo zilizomo ndani ya gemu, juu vifupisho vya vitu vya kuzijaribia: Ks, Kb, Tf, Mt, To, Ms. Nikaambiwa Ks ni kasha na Kb ni kibao. Mwanzoni vyote viwili viliandikwa K, wakagombana siku nzima. Katikati, kurasa kwa kurasa, kulikuwa na neno moja tu limerudiwa kwa miandiko mitatu: hapana, hapana, hapana. Mahali pamoja palikuwa na duara la kikombe cha chai, na chini yake mtu ameandika: "Nimejaribu Mt na Tf, sikumbuki nguzo ipi." Pembeni, kwa wino mwekundu: "Mpumbavu wewe."

Nimekuwa nikiifikiria sentensi ile yenye duara la chai tangu siku hiyo, na makala hii imezaliwa hapo.

Gemu yenyewe inaitwa Elite Dangerous. Ilitolewa Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, na ni mjukuu wa gemu ya mwaka 1984 iliyotungwa na David Braben na Ian Bell kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Unapewa chombo cha angani na galaksi yetu hii, Njia Nyeupe, iliyojengwa kwa ukubwa wake halisi: mifumo ya nyota takriban bilioni 400. Mtu mmoja angetembelea mfumo mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, angehitaji zaidi ya miaka 12,000. Ukiielewa hesabu hiyo umeelewa kwa nini gemu hii ilizaa ushirikiano. Ukubwa tu unatosha kumnyenyekeza mjuaji.

Mwaka 2015 wachezaji wakaanza kuokota angani kitu cha ajabu kilichokuwa kikitoa milio. Hakuna aliyeambiwa ni nini. Waliozoea redio wakasikiliza wakasema kuna alama za Morse humo ndani, zile nukta na vistari vya simu za kale. Waliozoea muziki wakaichukua milio hiyo wakaigeuza kuwa picha ya masafa ya sauti. Waliokuwa na haraka wakaenda kuviuza vitu hivyo kwenye vituo vya angani, na vituo vikaanza kuzimika mitambo. Baada ya muda wapo walioviuza makusudi ili kuvizima vituo vya wapinzani wao. Nalitaja hili mapema kwa sababu habari za "ushirikiano wa wachezaji" huwa zinaandikwa kama habari za kwaya ya kanisa. Haikuwa kwaya. Maarifa yaleyale yalitumika kujenga na kubomoa, wakati mwingine na mtu yuleyule, mchana na usiku.

Kisha yakaja magofu. Mwishoni mwa Oktoba 2016 mchezaji mmoja alitua kwenye sayari isiyo na hewa, katika mfumo ulioandikwa Synuefe XR-H d11-102, akakuta nguzo nyeusi zimesimama zimepangwa, kazi ya viumbe waliokwisha kutoweka. Alifikaje? Kampuni ilikuwa imeonyesha video ya kutangaza sehemu mpya ya gemu, na nyuma ya magofu kulikuwa na anga. Watu wakaisimamisha video, wakaitazama ile anga badala ya magofu. Kwa kuwa galaksi ni moja na nyota ziko mahali pake, anga la nyuma ni anuani.

Mtu wa huku haoni ajabu kubwa. Mtumie mzee wa Tukuyu picha ya harusi yenye mgongo wa Mlima Rungwe nyuma ya bibi harusi, atakuambia picha imepigiwa upande gani wa mlima, na pengine uwanja wa nani. Wachezaji walifanya hivyohivyo, ila mlima wao ulikuwa mawingu ya gesi na nyota.

Hadi hapo kazi ilikuwa ya macho makali. Magofu yalipopatikana ikabadilika kabisa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoisimulia hadithi hii. Wao hukaa kwenye ile video na ile anga, kwa sababu ina utamu wa kisa cha upelelezi. Mimi naona sehemu ya maana ni ile iliyofuata, isiyo na utamu wowote.

Katika magofu kuna vitu vya kale vya aina sita unavyoweza kuviokota: kasha, tufe, kibao, mtungi, totemu na masalia. Baadhi ya nguzo ziko hai. Ukiisogelea nguzo hai kwa kigari chako cha magurudumu sita ukiwa umebeba kitu sahihi, au jozi sahihi ya vitu, ukaisoma kwa mtambo, inakupa kipande cha habari. Ukikosea, haikupi kitu. Haikuambii umekosea wapi wala umekaribia kiasi gani. Kimya.

Tupige hesabu. Vitu sita kimojakimoja ni majaribio 6. Jozi za vitu viwili tofauti ni 15. Jumla 21 kwa kila nguzo. Tuseme gofu lina nguzo hai 20: majaribio 420, na kila jaribio lina safari ya kwenda kutafuta mtungi, kurudi, kuutua, kubeba kingine. Kisha ujue kwamba ramani za magofu zinajirudia kwa mipango mitatu, Alfa, Beta na Gama, lakini nguzo zilizo hai hutofautiana kati ya gofu na gofu. Vipande vyote vya habari ni 101, vimegawanywa katika historia, utamaduni, biolojia, lugha na teknolojia, na hakuna gofu moja lenye vyote.

Fumbo la namna hii halina haja ya mtu mwenye akili nyingi. Linataka karani.

Kundi la wachezaji liitwalo Canonn, lililojipa kazi ya utafiti ndani ya gemu, na wengine wengi wasio na kundi, wakajaza majedwali ya pamoja. Nguzo hii, vitu hivi, jibu hili. Na palipokosekana jibu, wakaandika kwamba limekosekana. Mtu wa Ujerumani akizima mashine yake saa sita usiku, wa Australia aliendelea kutoka kwenye mstari uleule, kwa kuwa mstari uliofeli ulikuwa umeandikwa umefeli. Ile "hapana" ilikuwa mali. Ilimwokolea mwenzako nusu saa ya maisha yake.

Sasa rudi kwenye duara la chai. Yule kijana alijaribu mtungi na tufe, akafeli, kisha akasahau kuandika namba ya nguzo. Amefanya kazi kweli, amechoka kweli, bando limeliwa kweli. Lakini kwa wenzake ni kama hakufanya chochote, maana itabidi mtu arudie jozi ile kwa nguzo zote. Kwa nini wino mwekundu? Wenzake walijua watakaolipa ni wao.

Nikamuuliza mpwa wangu swali la mtu mzima: majibu yote si yako wazi tangu miaka hiyo? Si mngeyasoma tu? Akaniangalia kama nimemwambia avae kanzu kwenye mpira. "Hiyo itakuwa kudesa, mjomba." Walikubaliana watatu kwamba hakuna kupiga chabo. Watayafumbua wenyewe, na kaunta buku ndilo refa.

Hapo nikaanza kuona wivu, nakiri. Mimi ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini na nimeishi humu kati ya watu wachapakazi kupita kiasi ambao hawaandiki kilichofeli. Mkulima wa parachichi Rungwe atakuonyesha kwa furaha shamba lililokubali. Miche mia aliyoipanda bondeni ikaoza mizizi kwa maji kutuama hutaisikia, mpaka jirani yake naye apande mia zake bondeni zioze. Fundi pale Mwanjelwa atabadilisha pampu, atabadilisha nozeli, atabadilisha hiki na kile mpaka gari liwake, kisha atakumbuka kilichowasha tu. Saidia fundi wake atakuja kuzunguka njia ileile miaka mitatu mbele. Si uchoyo, au si uchoyo peke yake. Kufeli kwetu kunaonekana ni habari ya kumchafua mtu, si habari ya nguzo namba saba. Na mwenye kuchafuka hutunza siri.

Nimewahi kuumia kwa hili mwenyewe. Miaka iliyopita nilifuga kuku wa mayai, wakafa mfululizo kwa siku nne. Nilipokwenda dukani niliponunua chakula, mwenye duka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sikuwa wa kwanza, wapo wengine wawili mtaa wa pili, ila "waliomba nisiseme." Waliomba asiseme! Hapana zao mbili zingekuwa zimebandikwa mlangoni, ningebaki na kuku wangu.

Lakini nisiipambe gemu kuliko inavyostahili. Ina upungufu mkubwa mmoja, na yeyote anayetaka kuchukua somo la magofu yale na kulipeleka shambani au maabara lazima aukabili: fumbo la gemu lina mwenyewe. Kuna mtu alikaa ofisini Cambridge akaamua mtungi na kibao vifungue nguzo ipi. Jibu lipo kabla ya swali. Mchezaji anayeandika hapana ya 300 anaijua kwa hakika siri moja inayompa nguvu, kwamba ndiyo ipo mahali. Ukiondoa imani hiyo sijui wangapi wangefika ya 30.

Nenda Isimila uone tofauti. Ni mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, kilomita 20 hivi kwa barabara kuu ya kuja Mbeya. Bondeni kuna nguzo nazo, za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, na chini yake zana za mawe za watu wa kale, shoka za mkono zilizochongwa pande mbili kwa ustadi wa kukutia aibu. Zana hizo ziligunduliwa mwaka 1951, uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell, na umri wake umekadiriwa kuwa takriban miaka 260,000. Nyingi ni kubwa na nzito kuliko inavyohitajika kwa kazi, na zimelundikana pamoja. Kwa nini? Isimila haina ofisi ya Cambridge. Hakuna aliyepanga jozi sahihi. Huenda swali lenyewe limekaa vibaya. Mtaalamu anayeandika hapana kule anaandika bila dhamana yoyote kwamba ndiyo ipo, na bado anaandika. Huyo namvulia kofia mara mbili.

Hata hivyo wapo waliojaribu kujenga daraja kati ya pande hizi mbili. Gemu iitwayo Foldit, ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, iliwapa wachezaji fumbo la kukunja protini. Moja ya mafumbo hayo lilikuwa kimeng'enya cha kirusi kinachowapa nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI, umbo lake likiwa limewashinda wanasayansi kwa zaidi ya muongo. Wachezaji walilitoa ndani ya majuma yasiyozidi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Gemu nyingine ya anga, EVE Online, kuanzia 2016 iliwapa marubani wake picha halisi za seli za binadamu wazipange, na mwaka uliofuata ikawapa data za kutafuta sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa jua. Hapo hakuna mtunzi aliyeficha jibu. Na watu walicheza.

Jambo moja katika ile karatasi ya Foldit linanigusa kuliko kimeng'enya chenyewe: makundi ya wachezaji yaliandikwa kati ya waandishi wa utafiti, kwa majina yao ya kuchezea. Yaani jina la kijiweni kabisa limekaa juu ya karatasi ya kisayansi, kando ya maprofesa. Linanigusa kwa sababu ya jiwe moja la kwetu.

Kimondo cha Mbozi kipo Ndolezi, siku hizi mkoa wa Songwe, zamani tukisema Mbeya. Ni pande la chuma lenye nikeli, lina urefu wa zaidi ya mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Hicho si cha gemu. Kilitoka angani kweli, kikakaa kwenye udongo wetu. Ukisoma historia yake utaambiwa kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi, W. H. Nott. Lakini wenyeji walikijua muda mrefu kabla Nott hajafika. Alichofanya Nott ni kukiandika.

Katika Elite Dangerous ukifika wa kwanza kwenye nyota na kuuza data zake, jina lako linabandikwa pale: iligunduliwa kwanza na fulani. Kila atakayepita baadaye atalisoma. Lakini jedwali la nguzo lililofungua vile vipande 101, lenye maelfu ya hapana za watu wasiojulikana, halina kibandiko ndani ya galaksi ile. Gemu inamlipa mfikaji. Mwandishi haimwoni. Ndolezi ni kinyume: waliofika kwanza hawana jina, aliyeandika ndiye mgunduzi. Ukiniuliza ipi ni dhuluma zaidi nitasema ya Ndolezi, lakini ya gemu nayo ni dhuluma, na imewekwa pale na watu waliojua vizuri fumbo lao litatatuliwa na makarani.

Natania kidogo ninaposema hivyo, maana nilipomwambia mpwa wangu aliona nakuza mambo. Yeye hataki kibandiko. Anachotaka ni kujua kwa nini wale viumbe walitoweka. Vipande vya habari vinasimulia: waliwahi kupigana na viumbe wengine wakashinda, kisha wakagawanyika wao kwa wao juu ya mashine za kufikiri walizozitengeneza, wakamalizana. Vijana wale walikuwa wamefika mahali walipojua kulikuwa na mgawanyiko lakini hawajui wa nini. Walibishana kwa hamasa ambayo sijaiona kwenye somo lolote walilolipia ada. Mmoja alisema ni dini. Mwingine akasema ni ardhi, kila vita ni ardhi, muulize yeyote. Mpwa wangu akasema tungoje nguzo ya saba.

Basi nikakaa. Nikapewa kazi pia, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka: wao wanaendesha, mimi naandika. Saa tatu usiku umeme ukakatika, kama kawaida ya usiku wa baridi, na laptop ile ya mtumba betri yake ni ya kuombea dua. Wakazima taa za kigari ndani ya gemu, eti kupunguza matumizi, jambo ambalo naamini halisaidii lolote ila sikuwaharibia. Gemu yenyewe haichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako, hivyo bando lilikuwa linaungua huku tukipapasa gizani kutafuta mtungi kwenye sayari isiyo na hewa, na mimi nimeshika tochi ya simu juu ya karatasi.

Tuliokota mtungi. Tukaokota kibao. Wakakiendesha kigari taratibu kati ya nguzo, wakahesabu kwa sauti ili tusikosee ya ngapi, wakasimama, wakaisoma.

Kimya.

"Andika, mjomba," mpwa wangu akasema.

"Nguzo?"

"Ya saba. Thibitisheni ni ya saba."

Wakahesabu upya kutoka mwanzo, wote watatu, mmoja akigusa kioo kwa kidole. Ilikuwa ya saba. Nikaandika: Ng. 7, Mt na Kb, hapana. Nikaweka tarehe na saa. Yule wa duara la chai akanichungulia begani, akasema bado kuna Mt na To, turudi kule kwenye mteremko, mtungi usiutue.